MTO NYANDO NA MSHAHARA WETU
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Kisumu)



Sisi wa njia ya reli, Muhoroni hadi Kisumu, twaujua mto Nyando kwa matope yake. Huteremka kwa nguvu kutoka milima ya Nandi na Tinderet, na ukifika nchi tambarare ya Kano hauna pa kwenda ila mashambani. Mafuriko si mageni. Wazee walitusimulia yale ya 1961. Lakini wao walipata nafasi ya kupumua. Sisi tumeyaona 2019, 2020 na tena 2024. Mwezi wa Mei 2020 Ziwa Victoria lilipita alama ya 1964, na 2024 likaipita hata hiyo ya 2020.

Wataalamu wasema hewa ikizidi joto kwa digrii moja huweza kubeba mvuke zaidi, kama 7 kwa mia. Mvuke huo ukishuka, hushuka kwa kishindo.

Sasa nani hulipa? Miwa ya Chemelil na Muhoroni ikisimama majini, trekta haliingii, kwa kuwa udongo mweusi hulimeza. Mkata miwa hulipwa kwa tani; hakuna tani, hakuna unga. Mpunga wa Ahero hunyweshwa kwa pampu kutoka mto huo huo, na matope huziba mifereji.

Kwetu pia. Mwaka mmoja maji yalikula kokoto chini ya mataruma. Gengi letu lilishinda topeni siku nne, kisha vibarua wakaambiwa warudi nyumbani hadi waitwe. Wiki mbili, bila senti. Mwenzetu mmoja aliuza mbuzi wa karo ya mtoto. Mwajiri alisema mvua ni kazi ya Mungu. Sisi tuliosoma misheni twamcha Mungu, lakini karavati lililozibwa na takataka miaka mitatu hatukuona kuwa ni kazi yake.

Kwa hiyo katika mapatano mapya twataka siku za mafuriko zilipwe, japo nusu kwa kibarua, na makaravati yasafishwe kabla ya mvua ya Machi. Wako wenzetu wasemao tudai nyongeza tu. Nyongeza ni njema, ila kwa siku uliyofukuzwa na maji nyongeza ni sufuri.

Katibu anaandika majina ya vibarua waliopoteza siku mwaka 2024. Leteni kadi zenu za kazi kabla ya mwisho wa mwezi.