Kazi Iliyonikuta Kwenye Mizani

(Hotuba iliyosomwa Kilema mbele ya wanachama na viongozi, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya muungano wetu)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya habari ya mtu kuijua kazi impasayo hapa duniani, na jinsi awezavyo kuacha nyuma yake jambo jema litakalowafaa wengine. Nilipoipokea barua ya Bwana Katibu nilishikwa na woga, maana mambo haya yamezoea kusemwa na maaskofu na walimu, wala mimi si mmoja wao. Mimi ni mkulima wa kahawa na ndizi, na kihamba changu hakifiki ekari mbili. Lakini nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe nilipata kupotea njia katika jambo hilihili, na walionirudisha ni watu wa hapa Kilema. Basi nitasimulia hayo.

Kwanza nitasema juu ya maji. Kila aliyelelewa mlimani ajua mfongo ni nini. Vijana waliokulia Dar es Salaam huenda hawajui, nami nawaona wengine wameketi pale nyuma, kwa hiyo wazee wanisamehe. Mfongo ni mfereji uliochimbwa kutoka mtoni huko juu, ukafuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo mno, hata maji yafike vihambani pasipo kubomoa ukingo. Wazee wetu waliupima bila chombo ila macho yao na maji yenyewe, na mto wakauziba kwa mawe, udongo na migomba. Wageni walioandika habari za nchi hii katika karne ya 19 walistaajabia ustadi huo. Mimi nastaajabia jambo jingine. Mtu aliyening'inia mwambani akichimba huko juu, kihamba chake chaweza kuwa mbali chini, wala hakuwa na hakika kwamba atakuwa hai siku maji yatakapofika. Hatujui hata majina ya wengi wao. Walakini migomba tunayoila leo yanywa kazi yao.

Kahawa nayo ina habari ya namna hiyo. Sisi wa Kilema twapenda kujisifu kwamba mibuni ya kwanza ya Kilimanjaro ilipandwa hapa misheni, na mapadre wa Roho Mtakatifu, mwishoni mwa karne ile ya 19. Ni sifa njema, ila mche ukiwa katika bustani ya misheni ni jambo moja, na ukiwa katika kihamba cha mwananchi ni jambo jingine. Katika miaka ya 1920 walowezi wengi hawakutaka Mchagga alime kahawa. Walisema mibuni yetu itawaletea magonjwa katika mashamba yao. Na tena, mwenye kahawa yake nani atakwenda kuwa kibarua? Jirani zetu wa Kenya walizuiwa kabisa wakati huo. Hapa Moshi, mwaka 1925, wakulima waliunda chama chao kilichoitwa kwa kifupi KNPA, na Bwana Joseph Merinyo wa Old Moshi akawa rais wake. Mkuu wa serikali wa hapa, Bwana Charles Dundas, alikuwa amewatia moyo wakulima kupanda.

Tukiyasoma leo madhumuni yao twaweza kudhani ni madogo: kulinda mibuni na wadudu na magonjwa, kuuza kahawa kwa pamoja, kuitetea haki ya kuipanda. Sisemi kwamba watu hao walikuwa malaika. Kulikuwa na magomvi, na fedha zilileta taabu, na mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU. Mwaka 1937 wakulima wenyewe walifanya ghasia, maana hawakupenda kulazimishwa kuiuza kahawa yao yote kwa chama. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vyote vya ushirika nchini, na KNCU haikurudi mpaka mwaka 1984. Nayataja haya kwa sababu wako wasemao kwamba ushirika ni jambo la kurithi tu, kama kihamba. Sivyo. Kila kizazi kimeupokea ukiwa na ufa, kikalazimika kuamua kama kitauziba au kitaupita.

Sasa habari yangu.

Niliondoka hapa nikiwa kijana, nikaenda Dar es Salaam kutafuta ukubwa. Sina neno jingine la kuueleza mwendo wangu. Kila Desemba nilipanda kwenye basi kama wengine wote, nikaja kula Krismasi, nikaikuta mibuni ya baba inazeeka, nikasema, ‘Mzee, ng'oa hii, panda nyanya,’ kisha nikarudi zangu mjini. Baba alipofariki nilirudi kwa kuwa mimi ndimi kitinda mimba, na kihamba cha nyumbani kilikuwa changu kwa desturi. Sikurudi kwa kupenda.

Ulikuwa wakati serikali ilipokwisha kuwaruhusu wanunuzi binafsi, tangu msimu wa 1994/95. Kanuni zimebadilika mara kadhaa tangu hapo, nazo zitabadilika tena. Wakati ule mnunuzi aliweza kuja mpaka uani na mizani ya kuning'iniza na fedha taslimu. Januari ilikuwa imefika, nina watoto wawili wa kulipiwa shule. Chama cha msingi kilikuwa kimenipa mkopo wa dawa ya mibuni, na ahadi yangu ilikuwa kuleta kahawa yangu yote. Nikauza magunia yangu usiku. Sikumwibia mtu, nilijiambia; kahawa ni yangu.

Asubuhi yake alikuja jirani yangu, mama mjane, ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa na kilo 14 za kahawa iliyooshwa na kukauka vizuri, nzuri kuliko yangu. Akaniambia, ‘Mwanangu, miguu hainisaidii. Ukipeleka yako chamani, nipelekee na hii.’ Nikamjibu kwamba yangu haijakauka bado. Aliitazama chanja yangu, ambayo ilikuwa tupu kabisa, asiseme neno. Nikazichukua kilo zake 14, nikapanga mstari.

Malipo ya pili yalipokuja yalikuwa haba. Karani akatueleza sababu, na nawaomba vijana waisikilize vema. Gari la kupeleka kahawa Moshi hulipwa nauli ileile, likijaa au lisipojaa. Mlinzi wa ghala hula mshahara uleule. Kahawa ikiwa chache, gharama zote hizo huangukia kilo chache zilizoletwa. Nikapiga hesabu nyumbani kwa kalamu. Yule mama alikuwa amelipia sehemu ya nauli yangu! Fedha niliyopokea gizani ilikuwa na kipande cha fedha yake, tena ya mtu aliyeniita mwanangu.

Nilikwenda mbele ya kamati nikasema kweli. Nilitazamia faini. Mzee aliyekuwa msimamizi wa mfongo wetu alikuwa mjumbe; akauliza kama najua kuandika vizuri. Nikasema najua. Akasema, ‘Basi msimu ujao utasimama kwenye mizani na kuandika kilo za watu, bila malipo.’ Kamati ikacheka, ikakubali.

Ndugu wanachama, nilisimama kwenye mizani ile misimu sita. Mtu aandikaye kilo za wenzake hujifunza mambo ambayo Dar es Salaam haikunifundisha: nani ana mgonjwa, nani amezeekewa na mibuni, mjane yupi huleta kilo zake mwenyewe ili asidanganywe. Kazi niliyokuwa nikiitafuta mjini miaka tisa ilinikuta hapo, wala haikuwa na ukubwa wowote. Wako watu walioitwa kwa mambo makubwa, siwakanushi. Lakini kwa wengi wetu nadhani huanza hivyo, kwa kuona ni nani anayelipia nauli yetu.

Jambo la mwisho. Mibuni mingi ya Kilema ina umri kuwapita wenye nayo, na ugonjwa wa matunda huiangamiza. Watafiti wa TaCRI kule Lyamungo wametoa aina zinazoustahimili. Mche upandwao leo hautatoa zao la maana kabla ya miaka mitatu hivi, na baadhi yetu tulioketi hapa mbele huenda tusilichume. Kitalu cha muungano chahitaji watu wa kujaza udongo katika viriba Jumamosi ijayo. Bwana Katibu anaandika majina pale mezani karibu na mlango. Langu ni la tano, maana nilichelewa kufika, na wanne walionitangulia wote ni akina mama.