Mtoto Kati ya Wazazi Walioachana

Someni karatasi hii pole pole, na anayejua kusoma vizuri amsaidie mwenzake.

Leo tutazungumza juu ya jambo lililomo majumbani mwetu, ingawa twaona haya kulisema. Baba na mama wameachana. Je, mtoto akae na nani? Na yule asiyekaa naye atamwonaje?

Tuchukue mfano wa huku kwetu. Tuseme baba ni dereva wa lori, na mama huuza mchele katika soko la Tunduma. Wana mtoto wa kike wa miaka 5. Baba akilewa hupiga. Mama alichoka, akamchukua mtoto, akahamia kwa dada yake Vwawa. Siku moja baba akamfuata, akasema, "Nililipa mahari. Mtoto ni wangu. Nitampeleka kwa ndugu zangu Nakonde." Mama akajibu, "Mtoto huyu hutamwona tena kamwe."

Ninyi mwaonaje? Nani mwenye haki?

Jibu ni hili: mwenye haki ya kwanza ni mtoto. Nchi yetu ina Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zote mbili zasema kuwa hakimu atazame kwanza faida ya mtoto. Hakimu husikiliza matakwa ya wazazi, na mila za watu wao. Mtoto mwenye umri wa kutoa maoni yake naye husikilizwa. Lakini mahari hayamfanyi mtoto kuwa mali ya mtu.

Sheria ya Ndoa huchukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama yake. Hata hivyo, ushahidi waweza kuonyesha kuwa kwa mtoto huyu sivyo, na hakimu akaamua vingine.

Basi tuseme mtoto wetu amewekwa kwa mama. Je, baba amefukuzwa? La. Mzazi asiyekaa na mtoto aweza kuomba mahakamani apewe nafasi ya kumwona. Mtoto naye anamhitaji baba yake. Lakini mama anaogopa, na hofu yake ina sababu. Ndipo mahakama yaweza kuweka masharti.

Kwa mfano, hakimu aweza kuamuru hivi: baba amwone mtoto Jumamosi moja kila mwezi, tangu saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana, nyumbani kwa shangazi, na shangazi awepo muda wote. Baba akija amelewa, arudi. Huku ndiko kumwona mtoto chini ya uangalizi.

Mwangalizi si askari. Akae kando, awaache wacheze na wazungumze. Lakini akiona hatari, akomeshe. Na mtoto akirudi nyumbani, mama asimwulize, "Baba yako amesema nini juu yangu?" Mtoto asifanywe mpelelezi.

Amri hiyo si ya milele. Mambo yakibadilika, kwa mfano baba akiacha pombe, aweza kurudi mahakamani kuomba ibadilishwe.

Sasa tutazame mpaka wetu. Kutoka Tunduma kwenda Nakonde ni hatua chache tu, na watu huvuka kila siku kwa biashara. Lakini ng'ambo ile ni Zambia. Mtoto akivushwa, hakimu wa Vwawa hawezi kutuma polisi wakamrudishe. Kwa hiyo mwenye hofu asingoje. Aiombe mahakama mapema itoe amri kwamba mtoto asitolewe nje ya Tanzania. Na sheria yakataza kumwondoa mtoto kwa yule aliye naye kwa haki.

Jambo la mwisho ni matunzo. Baba ana wajibu wa kumtunza mtoto, hata kama mtoto anakaa kwa mwingine. Asiseme, "Simwoni, basi sitoi." Na mama asiseme, "Hukutoa fedha, basi humwoni." Kumwona mtoto hakuuzwi wala hakununuliwi.

Ukipatwa na shida hii, fanya hivi:

1. Nenda kwa Afisa wa Ustawi wa Jamii katika halmashauri yako. Mweleze yote bila kuficha.
2. Kama wazazi hawapatani, pelekeni shauri mahakamani. Huna fedha za wakili? Uliza wasaidizi wa kisheria. Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.
3. Ukipewa amri, omba nakala. Isome mwenyewe: siku, saa, mahali, na nani awepo. Iweke pazuri.

Ndiyo sababu twajifunza kusoma, ndugu zangu. Asiyejua kusoma huambiwa na mwenzake kilichoandikwa, naye hana budi kuamini.

Wazee walisema, wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Tusiwafanye watoto wetu kuwa nyasi. Kwaherini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Hakimu hutazama nini kwanza?
2. Kwa nini mwangalizi awe mtu anayeaminiwa na pande zote mbili?
3. Andika sentensi 3 za kumwomba hakimu mtoto asivushwe mpaka.