Plagi Chafu ni Shahidi wa Injini
(Maneno ya hotuba kwa wenye motokaa wa Machakos)



Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo dogo liwacheleweshalo watu wengi njiani, nalo ni plagi zilizoingia masizi. Plagi ni kile kijiti cha chuma na kauri kitoacho cheche ndani ya silinda ili petroli iwake. Ikichafuka, cheche hupotea, injini hukohoa, na motokaa hushindwa na kilima. Mtu wa Masii aliyepakia maembe kwenda soko la Machakos hupata hasara mara mbili: petroli humwishia upesi, na maembe humharibikia juani. Na ikiwa amepakia mgonjwa, hasara yake haihesabiki kwa shilingi.

Wengi wetu huivua plagi, tukaisugua hata ing'ae, tukairudisha. Baada ya juma moja taabu ni ile ile. Kosa letu ni kuondoa uchafu kabla ya kuuliza umetoka wapi. Dalili ya mvua ni mawingu. Basi tazameni rangi kwanza. Kauri yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni ya injini nzima. Masizi meusi makavu yaonyesha kuwa petroli ni nyingi kuliko hewa. Weusi wenye majimaji ya oili waonyesha kuwa oili inapenya, pengine kwa sababu ringi za pistoni zimelika. Kauri nyeupe iliyobabuka ni ishara ya joto kupita kiasi.

Hapa Machakos masizi makavu yana sababu zake. Kwanza ni vumbi la barabara zetu, ambalo huziba chujio la hewa. Pili, mji wetu uko takriban mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja katika saba. Kabureta iliyorekebishwa pwani, ikipanda huku, humimina petroli kupita haja. Motokaa mpya hupimiwa petroli kwa kompyuta, wala hazina shida hiyo. Lakini zile kuukuu, na pikipiki nyingi, bado zina kabureta. Tatu ni safari fupi. Plagi hujichoma uchafu wake ifikapo joto la digrii 450 hivi. Injini izimwayo kabla ya kupata moto hubaki na masizi.

Sasa njia ya kusafisha. Ngojeni injini ipoe. Pulizeni vumbi kando ya plagi, hata kwa pampu ya baisikeli, ili mchanga usianguke ndani ya silinda. Tieni kila waya alama, zisije zikabadilishana. Sugueni nyuzi za plagi kwa brashi ya waya, lakini msiiguse kauri kwa brashi hiyo, kwa maana chembe za chuma zikibaki juu yake umeme hupotea. Mkitumia petroli kuoshea, iwe mbali na moto, sigara na watoto. Kisha plagi ikauke kabisa. Pimeni nafasi ya cheche kama kitabu cha motokaa kisemavyo. Anzeni kuikaza kwa vidole, ndipo mshike spana, wala msitumie nguvu nyingi. Plagi yenye ncha nyembamba ya iridiamu haisuguliwi, ikiharibika, hubadilishwa.

Mkimaliza, safisheni chujio la hewa au mnunue jipya, na kabureta mumpe fundi aipime hapa hapa juu. Ikiwa mliona oili, msipoteze siku kwa brashi: mpelekeeni fundi injini. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na bei ya chujio si kitu mbele ya bei ya injini.