Neno la Wanafunzi wa Mfuko wa Elimu: "Hao Waandishi Tutawaona Wapi?"

 

Sisi ni wanafunzi wanne mnaotulipia ada. Mwaka jana majina yetu yaliposomwa, mzee mmoja alisimama akasema nesi anamwona zahanati, mwalimu anamwona shuleni; sasa hawa wanaosoma fasihi na uandishi wa kubuni tutawaona wapi? Ukumbi ulicheka. Sisi hatukucheka sana, maana hata sisi jibu hatukuwa nalo. Mwaka huu tumeomba dakika chache tuwaeleze fedha yenu inafanya nini.

Wengi mnadhani tunafundishwa kutoa hadithi kichwani. Muda mwingi tunafundishwa kufuta. Tunakaa kuizunguka meza, kila mmoja ametoa kopi za kazi yake stashenari (na hizo kopi, Ndugu Mwenyekiti, hazimo kwenye ada). Mwenye kazi anaisoma kwa sauti, halafu ananyamaza wenzake wakiichambua. Haruhusiwi kujitetea. Kwa mtu aliyezoea kusifiwa insha zake tangu kidato cha kwanza, saa hiyo ni ndefu. Methali tulizozoea kupambia insha zilikatwa zote. "Hii si yako," mhadhiri wetu husema. "Nipe uliyoyaona wewe."

Muhula wa pili mwenzetu mmoja aliandika juu ya MV Nyerere. Hatuna haja ya kuwasimulia siku ile ya 20 Septemba 2018, watu wakirudi Ukara kutoka gulioni Bugolora, gati la Bwisya likiwa linaonekana. Humu ndani hakuna asiyeguswa. Rasimu yake ya kwanza ilijaa giza nene, bahari ya machozi na mbingu zilizovaa nyeusi. Darasa zima lilikaa kimya kwa heshima. Mhadhiri peke yake ndiye aliyeuliza: "Siku hiyo wewe ulikuwa wapi? Mkononi ulikuwa umeshika nini?"

Alikuwa ameshika ungo. Alikuwa akianika dagaa na bibi yake, simu ikalia. Basi akaenda kuandika hilo tu: simu, ungo ulioanguka, yeye na bibi wakikimbilia ziwani, na dagaa waliosahauliwa juu ya mwamba mpaka wakaoza. Kurasa nane zikawa tatu. Neno "machozi" halimo hata mara moja. Siku alipoisoma, hakuna aliyekuwa na la kuchambua.

Likizo akamsomea bibi yake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mjukuu wangu, umekosea. Mimi sikukimbia. Nilibaki nikiwafunika wale dagaa, sikujua mikono niifanyie nini. Na hawakuoza kwa kusahauliwa. Walioza kwa sababu nyumbani hapakuwa na aliyetaka kula kitu kilichotoka ziwani." Kisha akauliza kama majina ya watu yamo. Hayamo. Akasema sawa, andika.

Mwenzetu akafuta tena, akaandika upya. Sisi watatu tuliosikia habari hiyo tulirudi kwenye kazi zetu tukaanza kujiuliza ni akina nani tulipaswa kuwauliza kabla ya kuandika.

Jambo moja linatuaibisha. Huko chuoni wenzetu wa mikoa mingine wanamsoma Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, kuanzia Rosa Mistika ya mwaka 1971 mpaka mashairi yake ya Kichomi, halafu wanatugeukia sisi wenyeji kutuuliza habari za nyumbani. Mara nyingi hatujui. Mzee Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, baadaye akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Miaka 35 maandishi yalisubiri kuwa kitabu. Mmoja wetu amekulia mwendo mfupi kutoka Kagunguli alikoishi mzee huyo, na nakala ya kitabu hicho aliishika kwa mara ya kwanza akiwa chuoni.

Ndiyo maana ombi letu mwaka huu si la ada peke yake. Tunaomba mfuko ununue vitabu vya waandishi hawa wawili kwa ajili ya shule zetu za sekondari, visomwe na watoto, visifungiwe kabatini kwa mwalimu mkuu. Tunaomba pia gharama za kuchapa kijitabu kimoja chembamba cha hadithi zetu, ile ya dagaa ikiwemo, kiuzwe hapahapa kwenye mkutano wa mwakani na fedha yake irudi kwenye mfuko. Makadirio tumemkabidhi Mtunza Hazina.

Mzee wetu uliyeuliza mwaka jana, tunakuona umekaa safu ya pili. Tumesikia kuwa ujanani ulivua usiku kwa karabai, na kwamba una habari za ziwa ambazo hata wanao hujawasimulia. Jumamosi, ukituruhusu, tutakuja kwako saa nne asubuhi na madaftari. Chai tutakuja nayo.