Somo la Kiholanzi: Jambo Lililokwisha Tendeka

Chukueni daftari na kalamu.

Mpangaji mmoja mjini Rotterdam anadaiwa kodi ya chumba, naye amekwisha lipa. Akijibu «Ik betaal», yaani mimi nalipa, mwenye nyumba atangoja fedha. Na aseme «Ik heb betaald»: nimelipa.

Sisi twatia -me- ndani ya neno moja. Waholanzi hutumia mawili: msaidizi heb hufuata Ik, na kitendo huenda mwisho wa sentensi. «Ik heb de huur gisteren betaald.» De huur ni kodi, gisteren ni jana. Sisi tungesema nililipa jana, lakini wao hutumia heb hata kwa jambo la jana.

Vitendo vingi hutanguliwa na ge-: werken, kufanya kazi, huwa gewerkt. Betalen hakitaki ge-, kwa kuwa kina be- tayari.

Kwenda hutaka msaidizi mwingine, ben: «Ik ben naar huis gegaan», nimekwenda nyumbani. Hapa hata wanafunzi wa siku nyingi hukosea.

Na kama kodi ililipwa kabla ya barua ya madai kufika? Heb hugeuka had: «Ik had al betaald», nilikuwa nimekwisha lipa. Semeni kwa sauti, mara tatu.