Barua Zilizohifadhiwa kwa Ajili ya Jina

Wayahudi wa sinagogi la Ben Ezra, Kairo ya kale, hawakuitupa karatasi iliyoweza kuwa na Jina la Mungu, waliihifadhi chumbani. Mwaka 1897 Solomon Schechter alizipeleka nyingi Chuo Kikuu cha Cambridge. Zimo hati za madeni, bei za bidhaa, salamu za nyumbani. Imo barua ya Daudi mfanyabiashara, ya karibu mwaka 1170, kwa kaka yake Musa bin Maimoni, yule mwalimu mashuhuri: asihofu, Mungu aliyemwokoa jangwani atamwokoa na baharini, aendako Bara Hindi. Daudi alizama, pamoja na mali ya wengine. Musa aliugua kitandani karibu mwaka mzima.

Stakabadhi za sadaka na barua za wazee wa usharika huu zimo katika maboksi ofisini, na mchwa wamekwisha kuyafikia.