MSUMENO WA UMEME NA WAYA WA KUREFUSHIA: MANENO KWA MAFUNDI WA KIDAHWE

Yafuatayo ni maneno yaliyosemwa na Ofisa Habari wa Wizara mbele ya mafundi seremala na wananchi wa Kidahwe, Mkoa wa Kigoma, alipokuwa huko kwa ziara ya kikazi. Yanachapishwa hapa kwa kuwa yanawahusu vile vile watumishi wa Serikali na wakaazi wa Visiwa vyetu.

 

 Nimekuja kutoka Visiwani, lakini sikujiona mgeni. Jana nilipita Ujiji, nikakaa na wazee, na mazungumzo yao hayakuwa mbali na ya barazani kwetu. Nikateremka hadi ufukweni mwa Ziwa, nikawaona mafundi wakitengeneza boti za dagaa. Mmoja alikuwa akipasua ubao kwa msumeno wa umeme, na waya wake umelazwa juu ya mchanga uliorowa. Waya ule ndio ulionifanya nikubali mara moja nilipoombwa niseme nanyi leo.

Ndugu wananchi, inafahamika kwamba Mkoa wa Kigoma kwa miaka mingi ulitegemea majenereta ya dizeli, na kwamba kuanzia mwaka 2022 umekuwa ukiunganishwa na Gridi ya Taifa. Jina la Kidahwe limeingia katika habari hiyo kwa sababu ya mradi wa njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Nyakanazi. Hii ni neema. Fundi aliyekuwa akipasua mninga kwa mkono kutwa nzima, leo humaliza kazi ile ile kwa muda mfupi. Hata hivyo, umeme huu una tabia nyingine, isiyokuwa ile ya jenereta dogo la uani ambalo wengi wetu tumelizoea. Hilo ndilo jambo moja nililokuja kulisema, nami nitalieleza kwa kisa.

Mwezi wa Disemba 2009, kisiwa cha Unguja kilikosa umeme kutokana na hitilafu ya njia iletayo umeme kutoka Bara, na umeme haukurejea hadi Machi 2010. Kwa muda wa miezi mitatu hivi kila mwenye biashara alitafuta jenereta lake. Katika mtaa wangu palikuwa na karakana ya useremala. Waya wa msumeno wao ulikuwa umekatika katikati, ukaungwa kwa kusokotwa na kufungwa kipande cha mfuko wa plastiki. Nilikuwa nikiuona kila asubuhi nikienda kazini. Uliburutwa uani, ukakanyagwa, ukanyeshewa, na hapakutokea lolote. Umeme uliporejea, waya ule ule ukachomekwa katika soketi ya nyumba. Haikupita wiki. Kijana mwanafunzi wa pale, miguu mitupu, ardhi ikiwa imerowa, aliuinua waya kwa mkono ili upite mkokoteni. Alifariki kabla ya kufikishwa hospitali.

Watu walisema ni ajali, na ajali haina kinga. Mimi nilikwenda kuuliza kwa wajuzi, na jawabu walilonipa ni hili. Jenereta dogo aghalabu halikufungwa na ardhi. Umeme unaovuja kutoka waya mmoja hauna njia nyepesi ya kurudi kwenye jenereta kupitia ardhini, na kwa hivyo aliyeugusa waya ule mmoja pengine hasikii kitu. Umeme wa gridi ni kinyume chake. Kule kwenye transfoma mmoja katika nyaya zake umefungwa na ardhi kwa makusudi. Anayesimama juu ya ardhi na kugusa waya wenye moto huwa yeye mwenyewe amekamilisha njia: umeme unaingia mkononi, unapita kifuani na kutokea miguuni. Kwa ufupi, kiungo kibovu kilichovumiliwa na jenereta miezi mitatu kinaweza kuua siku ya kwanza ya gridi. Nisifahamike kwamba jenereta ni salama. Anayegusa nyaya mbili kwa pamoja hana pa kukimbilia, na moshi wake ndani ya chumba ni sumu inayoua.

Aidha, wapo wanaosema, "Sisi tuna fyuzi." Ndugu zangu, tufanye hesabu kidogo. Msumeno wa mkono wa wati 1,300 kwa umeme wetu wa volti 230 hutumia ampea zisizofika 6. Umeme wa kiasi cha ampea 0.03 tu, ukipita kifuani, unaweza kutosha kuuvuruga moyo wa mtu. Fyuzi iliyomo katika plagi kubwa ni ya ampea 13, yaani zaidi ya mara 400 ya kiasi hicho. Mtu atakufa na fyuzi iko nzima. Fyuzi imewekwa kuulinda waya usiungue. Haikuwekwa kumlinda fundi. Kinachomlinda fundi ni ile swichi inayokata yenyewe umeme unapovuja, yenye maandishi ya miliampea 30 na kitufe chenye herufi T. Kila karakana iwe nayo, ifungwe na fundi umeme mwenye leseni, na kitufe chake kibonyezwe kila mwezi ili kujua kwamba bado kinafanya kazi.

Baada ya maelezo hayo, naomba tushikamane na mambo yafuatayo:

Kwanza, waya uliochunika au uliokatika usifungwe kwa plastiki wala kwa utepe. Ubadilishwe mzima, au ukatwe pale palipoharibika na kutiwa plagi mpya. Waya uangaliwe kwa macho kila asubuhi, kuanzia kwenye plagi hadi kwenye mashine, kabla ya kuchomekwa.

Pili, tuache kuchomeka nyaya tupu katika soketi kwa kijiti. Hali kadhalika, tuache kutia kijiti katika tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu lile ni la waya wa ardhi. Mashine yenye bodi ya chuma na isiyokuwa na waya wa ardhi, siku umeme ukivuja ndani yake, bodi nzima huwa na moto. Zipo mashine zenye alama ya mraba ndani ya mraba. Hizo zimetengenezwa kwa kinga maradufu na hazihitaji waya wa ardhi. Hata hivyo nazo hazipatani na maji.

Tatu, waya wa kurefushia, ambao mafundi huuita ekstensheni, ulingane na kazi. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, ukiwa na urefu wa mita 50, utaupotezea msumeno huo karibu volti 18 njiani. Ule wa milimita za mraba 2.5 hupoteza volti 5 tu. Msumeno uliopungukiwa na umeme huzunguka kwa uzito, hupata moto na hukwama katika ubao. Fundi hudhani mashine ni mbovu, kumbe ni waya. Wala tusiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni.

Nne, ekstensheni iliyozungushwa katika gurudumu lake ifunguliwe yote kabla ya kazi, ijapokuwa mahitaji ni mita tano. Waya uliokunjika hauna pa kutolea joto. Huyeyuka ndani kwa ndani, na karakana imejaa vumbi la mbao na maranda, ambayo hayahitaji zaidi ya cheche moja.

Tano, wakati wa mvua, au ufukweni penye mchanga uliorowa, kazi ya msumeno wa waya isimame, au ubao upelekwe mahali pakavu. Fundi avae viatu vyenye soli ya mpira. Waya upite nyuma ya fundi, mbali na njia ya meno ya msumeno, na viungo vyote viinuliwe juu ya kigoda kikavu. Plagi ichomolewe kwanza kila inapobadilishwa bleti au kuondolewa ubao uliokwama.

Sita, mwenzetu akishikwa na umeme, tusimshike. Wengi wamekufa wawili wawili kwa sababu ya huruma hiyo. Kwanza izimwe swichi kuu au ichomolewe plagi. Ikishindikana, mwokozi asimame juu ya ubao mkavu na kuusukuma waya kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, alazwe chali na akandamizwe katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila ya kuacha, huku msaada ukiitwa. Hata aliyeinuka akasema hajambo apelekwe hospitali, maana moyo unaweza kuwa umepata dosari isiyoonekana. Haya yote ni kwa umeme wa nyumbani. Waya wa nguzoni ulioanguka usikaribiwe na mtu yeyote, bali TANESCO wapewe taarifa.

Watumishi wenzangu nao wana sehemu yao. Anayesimamia matengenezo ya skuli, zahanati au ofisi asiangalie mbao na misumari peke yake. Auangalie na waya wa fundi aliyemwajiri, na akiuona mbovu aisimamishe kazi, hata kama siku ya kukabidhi jengo ni kesho. Na humo maofisini mwetu, ile ekstensheni iliyofichwa chini ya zulia, ikibeba birika, feni na kompyuta kwa pamoja, haina tofauti na ile ya karakana.

Ndugu wananchi, kazi yangu ni habari. Waya wa karakana ya mtaani kwetu nilikuwa nikiuona kila siku, na nilijua kwamba si salama. Sikusema, kwa kuwa niliona si kazi yangu, na mwenye karakana alikuwa mtu mzima kuliko mimi. Yule kijana alikuwa akinisalimia kila asubuhi: "Shikamoo mzee." Nami nikiitikia na kupita.

Kwa hivyo sikuwaombeni mambo makubwa. Kila mmoja wetu atakayeondoka hapa na kuuona waya uliochunika, uwe wake au wa jirani, asipite. Aseme siku ile ile.

 Mwenyezi Mungu atulindie mafundi wetu na vijana wetu.